Kadi Iliyokaza Betri za Redio

Jumatano, Julai, Sumbawanga

Upepo unavuma tangu alfajiri na baridi imeingia mpaka kwenye vifundo vya vidole. Nimevaa masweta mawili, yote kazi ya binti yangu, na bado naandika kwa kidole kimoja kwa kuwa vingine havitaki kunyooka. Wanaopita hapa kwenye ukurasa wangu wamezoea kunikuta nikieleza mambo: namna ya kuhifadhi ulezi, namna ya kumwogesha mtoto mchanga wakati wa kipupwe. Leo pia nitaeleza, maana sijui kuandika kwa namna nyingine. Ila naandika nikiwa na hasira, na hasira ya mtu wa umri wangu haina pa kwenda.

Nimesalitiwa na watu wawili niliowaamini kuliko wote.

Usaliti wenyewe una umri wa karibu miaka hamsini. Mimi nimeujua juzi.

Juzi, Jumatatu, redio ya Restituta ilikataa kuongea. Restituta, ambaye nyumbani tunamwita Resti, ni mtoto wangu wa pekee. Haoni tangu alipokuwa na umri wa siku chache. Anafuma masweta ya wanafunzi kwa mashine, na akifuma lazima redio iwe inaongea pembeni: redio ya marehemu baba yake, kubwa, ya betri nne, kifuniko chake cha nyuma kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Aliipeleka kwa fundi karibu na soko. Aliporudi alikuwa na kipande cha kadi ngumu mkononi.

"Mama, fundi anasema hiki ndicho kilikuwa kinakaza betri. Kimelainika, ndiyo maana zilikuwa hazigusi. Ameweka kingine." Akakipapasa kwa kidole gumba. "Pembeni kina meno kama msumeno. Baba alikikatia nini hivi?"

Nilikipokea. Kabla sijavaa miwani nilishajua ni nini, kwa sababu meno yale niliyakata mimi.

Sasa nieleze.

Nilikuwa muuguzi na mkunga. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu walipokuwa wakihamishwa kutoka walikozaliwa na kukusanywa pamoja, nilipelekwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja bondeni, chini ya Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mrefu ambapo uwanda wetu wa juu unaishia ghafla. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wajukuu wa wagonjwa wangu bado wanaishi huko. Kilikuwa kando ya mto unaoteremka kwenda Ziwa Rukwa. Kiangazi uliuvuka ukiwa umekunja suruali tu. Masika ulitukata na dunia kwa wiki nyingi, na dawa iliyokwisha ndiyo ilikuwa imekwisha.

Baada ya malaria, ugonjwa uliotusumbua ulikuwa kisonono, na nyuma yake kaswende. Wageni kutoka mjini walisema watu wa mtoni hawana adabu. Halikuwa suala la adabu. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali walikuwa wamewekwa mahali pamoja. Chini kidogo, mto unapokaribia ziwa, palikuwa na kambi za wavuvi, wanaume wanaokaa miezi mingi bila wake zao. Wanawake wa kijijini walishuka kununua samaki wa kukausha, na mwenye samaki ndiye aliyeamua nani apate na nani apande na kikapu kitupu. Wengine walipewa kwa masharti ambayo hayakusemwa mkutanini. Zahanati ilikuwa moja, na benchi lake lilitazama njia ya kwenda dukani. Ukikaa pale bila kikohozi wala kidonda, kijiji kizima kilikisia. Zaidi ya hayo, ugonjwa ule kwa wanawake wengi hukaa kimya. Mwanaume huungua akikojoa, akakimbilia sindano. Mke wake hasikii kitu.

Naomba sentensi hiyo ya mwisho muikumbuke.

Wagonjwa walipozidi, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa. Akasimama akasema, "Ndugu zangu, hapa hatuna siri. Shamba letu ni moja, duka letu ni moja. Napendekeza sista atusomee majina ya wenye ugonjwa huu, wajirekebishe." Watu waliniita sista kwa sababu ya gauni jeupe, ingawa nilikuwa na mume. Kabla sijajibu, bibi mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Ndugu Mwenyekiti, anza kusoma la kwako, sisi tutafuatia." Kicheko kilichotoka pale kilimaliza mkutano. Lakini niliogopa. Nilijua kama majina yangesomwa hata mara moja, hakuna mtu angekanyaga tena zahanati.

Ndipo nilipobuni kadi.

Nilichukua maboksi ya dawa, nikayakata vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila kipande nilikigawa katikati kwa mkato wa meno meno, na pande zote mbili nikaandika namba ileile kwa penseli nyekundu. Mgonjwa akitibiwa, nusu ilibaki zahanati na nusu alipewa ampelekee mwenzake. Mwenzake alikuja nayo mlango wa nyuma, meno yakikutana anatibiwa, haulizwi jina wala ametumwa na nani. Asiyejua kusoma naye aliweza. Majina yalijulikana kwa mtu mmoja tu, mganga msaidizi wangu, Gaudensi, kwa kuwa wanaume walikuwa wakimwendea yeye. Nilimwapisha kwamba hatamtajia mtu, hata mimi. Kila Jumamosi alinisomea namba ambazo hazijarudi ili tujue zipi za kukumbusha.

Alama moja tu iliongezwa. Kama mwenzi wa mgonjwa alikuwa mjamzito, Gaudensi alichora duara la wino wa bluu chini ya namba. Duara maana yake: huyu asisubiri. Mtoto akipita kwenye njia yenye kisonono, usaha huingia machoni, na siku chache zinatosha kumharibia.

Kadi aliyoniletea Resti ina namba thelathini na nne, kwa mwandiko wangu. Chini yake kuna duara.

Sasa nimtaje Aloisi, mume wangu. Alikuwa bwana samaki, mtumishi wa serikali aliyesimamia uvuvi. Alishuka kambini kupima ukubwa wa matundu ya nyavu na kuwahimiza wavuvi wachimbe vyoo. Alikuwa mcheshi, msafi, na aliweza kuimba sauti ya nne bila kusoma nota. Katika semina zangu za akina mama nilisema, "Usiseme unamjua mume wako. Sema umepimwa." Wakacheka, nami nikacheka. Halafu nikarudi nyumbani kwa mume ninayemjua.

Niliposhika kadi ile Jumatatu, jambo la kwanza nililojaribu ni kujidanganya. Nilijiambia huenda Aloisi alikuwa na mwanamke mwingine mjamzito, na duara lilikuwa la huyo. Ona nilivyoshuka. Nilikuwa namwombea mume wangu awe na mimba nje.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Gaudensi, huko mtaa wa Chanji. Amestaafu, anakaa juani nyuma ya nyumba ambako upepo haufiki, amejifunika blanketi miguuni. Nimemzidi miaka mitatu, na hajawahi kuniacha bila salamu yake.

"Shikamoo, Sista. Umekuja kunipima presha au kunipima sanduku?"

"Marahaba, Daktari. Nimekuja kurudisha kadi."

Nikaiweka kwenye blanketi. Aliitazama. Hakuuliza ni kadi gani.

"Aliniambia aliichoma," alisema.

Basi. Hapo ndipo nilipoketi.

Alinieleza bila kuficha, nadhani alichoka kuficha. Aloisi alimwendea miezi miwili hivi kabla sijajifungua, akiwa ametoka kambini, anaungua. Gaudensi akamchoma sindano, akampa kadi yenye duara, akamwambia ampe mke wake siku hiyohiyo. Wiki mbili zikapita, kadi haijarudi.

"Nilikusomea namba hiyo Jumamosi," alisema. "Unakumbuka ulichonijibu?"

Sikukumbuka.

"Ulisema, 'Thelathini na nne ina duara. Kamkumbushe huyo bwana, mwambie mimba haimsubiri.' Ulisema hivyo umeshika kiuno, Sista. Tumbo lako lilikuwa limegusa meza."

Akamkumbusha. Aloisi akamjibu kwamba nilipopanda Sumbawanga kufuata dawa, nilichomwa sindano huko huko kwa siri, kwa kuwa niliona aibu kutibiwa katika zahanati yangu. Gaudensi akamwamini, au akataka kumwamini. Jumamosi iliyofuata akanisomea kwamba thelathini na nne imerudi. Hilo nalikumbuka. Nilifurahi. Nilisema, "Umeona? Kadi zinafanya kazi."

Kabati la dawa lilikuwa limejaa wakati ule. Sindano yangu ilikuwa humo ndani, hatua kumi kutoka nilipokuwa nimekaa.

Niendelee, ingawa hapa ndipo panapouma. Resti alizaliwa mto ukiwa umefurika. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimemzalisha mwanamke wa kambini mwenye usaha wazi. Dawa ya macho ya watoto wachanga ilikuwa imebaki matone machache chini ya chupa. Nilimwekea mtoto wake, na ndivyo ilivyostahili. Wangu hakupata. Nilimwambia Gaudensi, "Wa kwangu atasubiri mto upungue, mimi sina wasiwasi." Siku ya tatu kope za Resti zilivimba kama zimeumwa na nyuki. Niliziosha kwa maji ya chumvi usiku na mchana. Dawa ilivushwa kwa mtumbwi siku ya tisa. Wakati huo vioo vya macho yake vilikuwa vimeshageuka vyeupe.

Nilikuwa nimesoma. Nilijua usaha ule ni wa nini. Nikamuuliza Aloisi, naye akashika rozari akasema hajawahi. Nikamwita Gaudensi pembeni, nikamwambia avunje kiapo mara hii moja tu, aniambie kama mume wangu alipita mikononi mwake.

Akasema, "Hapana, Sista. Itakuwa ni mikono. Ulimzalisha yule wa kambini, ukamshika mtoto wako. Maji yalikuwa machafu, sabuni ilikuwa imekwisha. Ingempata yeyote."

Nikaamini. Afadhali niseme ukweli: ilikuwa rahisi kuamini. Kati ya kuishuku mikono yangu na kumshuku Aloisi, nilichagua mikono. Gaudensi akanichoma sindano kadhaa, akasema ni kinga ya homa ya uzazi. Nilimshukuru. Nilimpelekea kuku.

Sindano zile zilikuwa dawa ya kisonono, na zilikuwa zimechelewa. Sikuzaa tena.

Wanaonifahamu wanajua ninavyonawa. Kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kumshika mtoto wa jirani: mara tatu kwa sabuni, mpaka viwikoni. Watu husema ni mazoea ya unesi. Resti akiwa na miaka kumi aliniuliza kwa nini haoni. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao, kwamba mama yake alimshika na mikono michafu. Alifikiri kidogo, kisha akaniambia hajakasirika. Mtoto wa miaka kumi alinisamehe kosa ambalo sikulifanya, na baba yake alikuwa amekaa palepale, anamenya karanga.

Alikuwa anamenya karanga na hakusema neno.

Nilimuuliza Gaudensi jana, "Kwa nini mikono yangu?"

"Wewe ndiye uliyeniapisha. Namba haina jina."

"Nilikuapisha kwa ajili ya wagonjwa."

"Naye alikuwa mgonjwa."

"Kunyamaza ni kiapo, Gaudensi. Hukunyamaza. Ulinitungia kosa."

Alivuta blanketi. "Alipiga magoti nyumbani kwangu," alisema. "Alisema ukijua utamwacha, na kijiji kitajua, na hakuna mtu atakayemsikiliza tena kule kambini. Nilimtazama yeye, nikakutazama wewe. Nikaona wewe unaweza kubeba. Yeye asingeweza."

Nimetafakari maneno hayo tangu jana. Kama ningekuwa dhaifu, wangeniambia ukweli.

Niliondoka bila kunywa chai. Nadhani ni mara ya kwanza kwa nyumba ile. Alinisindikiza kwa macho tu, na nilipofika uchochoroni nilimsikia akisema, "Sista, kadi zilifanya kazi kwa wengine wote." Ni kweli. Nimehesabu kichwani njia nzima, wanawake waliokuja mlango wa nyuma na vipande vyao kwenye kanga, watoto wao wakazaliwa na macho mazuri. Siwezi kusema kadi zilikuwa kosa. Kosa langu ni kwamba nilitengeneza mlango wa siri kwa ajili ya watu wote, nikajiweka mimi nje ya watu wote. Muuguzi hakuwa na namba. Nilifundisha wanawake mia wasitegemee neno la mume, nami nikalitegemea kwa sababu nilikuwa mwalimu wao.

Jambo moja silielewi. Redio ile Aloisi aliinunua Resti alipokuwa na mwaka mmoja, kusudi, alisema, mtoto awe na kitu cha kuangalia kwa masikio. Kwa hiyo kadi alikuwa bado nayo. Hakuichoma kama alivyomwambia Gaudensi. Aliiweka mgongoni mwa betri, ndani ya kitu ambacho binti yake angekishika kila siku. Ilikuwa toba? Au alihitaji tu kadi ya kukazia betri, na hiyo ndiyo iliyokuwa mfukoni? Ningempa Aloisi saa moja ya uhai ili anijibu, kisha nisingejua nimfanye nini kwa dakika zilizobaki.

Leo mchana nilimweleza Resti.

Nilifikiria kutomweleza. Alimpenda baba yake. Aloisi alimbeba mabegani mpaka alipokuwa mkubwa mno kubebwa, akimsimulia kila ndege wa mtoni, rangi yake na jinsi anavyotua. Nilijiuliza nina haki gani ya kumnyang'anya mtu wa karibu miaka hamsini baba yake. Halafu nikagundua nilikuwa nikisema maneno ya Gaudensi. Nilikuwa nikiamua nani anaweza kubeba na nani hawezi.

Basi nikavuta kiti karibu na mashine yake, nikazima redio, nikamweleza kama nilivyoandika hapa, tangu mkutano mpaka karanga. Hakusimamisha mashine. Alifuma mstari baada ya mstari. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa nayo siku ngapi kabla sijazaliwa?"

"Kama siku sitini."

Mashine ikasimama. Upepo ulikuwa unapiga bati.

"Kwa hiyo haikuwa mikono yako," alisema.

"Haikuwa."

"Na uliniacha nikusamehe bure." Alisema hivyo karibu acheke, kisha akaacha. Baadaye akasema redio nisiiwashe. Si kwamba ameitupa, anataka tu ikae kimya kwanza. Nilimuuliza kama naweza kuandika haya. Akasema niandike, na niwaambie wanawake wajawazito wapimwe, hata kama mume ni malaika, hata kama wao wenyewe ndio waganga. Nawaambia. Ni kipimo cha damu na cha njia ya uzazi, na mume naye aende, akae benchi moja na wewe, mchana, watu wakiona.

Aloisi sijamsamehe. Kaburi lake nitaendelea kulifagia kwa sababu ni la baba wa Resti. Kwa Gaudensi sijui nitarudi lini. Ni mzee, na mimi ni mzee, na hilo nalo linanikasirisha, kwamba muda wa kukasirika kwa utulivu sina.

Jioni hii, jua likiwa bado ukutani, Resti aliweka ugali mezani akaniita. Nilikwenda bombani nje. Maji yalikuwa baridi kama chuma. Nikanawa kwa sabuni, nikasuuza. Nikanawa tena mpaka viwikoni, nikasuuza. Nilikuwa nimeshashika sabuni mara ya tatu, bila hata kufikiri, na yeye alikuwa mlangoni akinisikiliza, maana hunihesabu tangu utotoni kwa mlio wa maji.

"Inatosha, Mama," alisema.

Nikafunga bomba.